Waya wa Nyumba Tisa

Gunda Aaberg alikuwa hajasema na Selma Vik kwa miaka mitatu na miezi sita, na ukimuuliza sababu alikujibu bila kupepesa macho kwamba yeye hazungumzi na wauaji. Watu wa Solheim walishazoea. Kanisani alilihama benchi la ukoo wake akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na jiko la makaa, ili asilazimike kuitazama hata kofia ya yule mwanamke. Kwenye mikutano ya akina mama, keki ya Selma ikipitishwa, Gunda aliisukuma sahani kwa jirani kama vile ameona mende ndani yake.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Februari ya mwaka 1920, theluji imefika madirishani, mumewe Nels aliamka na tumbo. Halikuwa tumbo la kula vibaya, hata kidogo. Lilikuwa gumu upande wa kulia, na Nels, mwanamume aliyewahi kung'olewa jino ameketi juu ya ndoo ya maziwa bila kulalamika, alikuwa anauma mto. Saa moja asubuhi Gunda aliirukia simu ya ukutani kumwita daktari.

Simu zile wakulima wa Dakota Kaskazini walizivuta wenyewe, nguzo wakakata wenyewe, na waya ulikuwa mmoja kwa nyumba tisa. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake. Kwa Aaberg ilikuwa mirefu miwili na mfupi mmoja. Ila mlio wa mmoja ulilia kwa wote, na ukiinua mkono wa simu yako taratibu, ukashika pumzi, unasikia kila kitu. Wote walisikiliza. Gunda mwenyewe alisikiliza, asikudanganye. Baridi ya miezi sita, umefungiwa ndani na soksi za kufuma, utafanya nini? Sharti lilikuwa moja tu: usikiri. Ukisikia kwenye simu kwamba ng'ombe wa jirani amekufa, unatulia na lako mpaka uambiwe uso kwa uso, ndipo unashika shavu na kusema, "Masikini! Lini tena?"

Taabu yake ni kwamba kila mkono ulioinuliwa ulinyonya nguvu ya betri. Wakiinua wawili, sauti inapungua. Wakiinua sita, opereta kule mjini hasikii kitu.

"Halo? Halo?" opereta alisema asubuhi ile. "Sema kwa nguvu, sikusikii."

Gunda alipiga kelele mpaka koo likakwaruza. "Jamani, wekeni chini! Mume wangu anakufa, wekeni chini simu!"

Akasikia wanaweka, mmoja baada ya mwingine, kwa aibu yao. Mmoja hakuweka. Nyuma ya huyo mmoja kulikuwa na ndege anaimba, na katika nyumba zote tisa aliyefuga ndege jikoni alikuwa Selma Vik peke yake.

"Wewe mwenye ndege, weka chini! Mungu akulaani, weka chini!"

Ndege akaendelea kuimba. Opereta akaendelea na halo zake. Gunda akaubamiza mkono wa simu mahali pake, akamfunga farasi kwenye gari la theluji, akaenda mwenyewe maili saba mpaka mjini. Mke wa daktari akamwambia mumewe katoka, kaenda ng'ambo ya mto kumzalisha mtu. Katoka! Simu ingefika saa moja, si ingemkuta bado anakunywa kahawa? Gunda alisubiri kwenye ukumbi wa watu, buti zake zinayeyusha theluji juu ya zulia la watu.

Walipofika nyumbani na daktari ilikuwa saa tisa alasiri, na Nels alikuwa ameshakufa. Na nani alikuwa ameketi kando ya kitanda, kwenye kiti cha Gunda mwenyewe, amevaa mabuti ya mumewe? Selma Vik. Masikio hayakumtosha, amekuja na macho! Alifungua mdomo kusema kitu, lakini Gunda alikuwa ameshachukua ufagio. Alimfagia mpaka nje kwenye theluji, mbele ya daktari, na hakujuta hata chembe.

Baada ya mazishi Gunda hakutaka kuombwa radhi, wala hakutaka nyumba ya Selma iungue, ingawa kuna usiku aliota inaungua na akaamka na furaha. Alitaka kitu kimoja. Alitaka Selma Vik aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu wote wa waya ule, "Nilikuwa nasikiliza." Basi. Akishasema hivyo, watu wenyewe watajumlisha. Na kitu hicho kimoja, kwa desturi za Solheim, kilikuwa kigumu kuliko kumfanya mtu avue nguo sokoni.

Alisubiri mpaka Agosti ya 1923, msimu wa kupura ngano.

Mashine ya kupura ilikuwa moja, ya wote, na ilizunguka shamba hadi shamba na injini yake ya mvuke, wanaume ishirini na wawili nyuma yake. Palipo na mashine, hapo ndipo wanapokula. Mwenye nyumba anawalisha saa sita mchana, na wake wa majirani wanakuja kumsaidia. Meza ile ndiyo iliyompa mwanamke jina au ikamwondolea. Wapo waliokumbukwa miaka ishirini kwa viazi vilivyoungua.

Jina la Selma lilikuwa kubwa. Yeye hashtukizwi, walisema. Mashine ikiharibika kwa fulani, ikageuzwa ghafla, ikafika kwake siku mbili kabla ya zamu, utamkuta Selma na meza imetandikwa na pai ziko dirishani zinapoa. Wanaume walimsifu: huyu mama ana kipaji. Kipaji! Gunda alijua kipaji kile kinapoishi. Kinaishi ukutani, kina kishikio cha kuzungusha pembeni.

Mume wa Selma, Ole Vik, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mashine, mtu mpole mwenye mabega ya ng'ombe dume. Kitu kimoja tu kilimpandisha hasira: umbea wa simu. Aliwahi kusema mlangoni mwa kanisa, kila mtu anasikia, kwamba siku atakapomkuta mtu wa nyumba yake ameweka sikio pale, atalileta shoka.

Gunda alilitafakari shoka lile kwa muda mrefu.

Alhamisi ya wiki ya pili mashine ilikuwa kwa Hovden, na ingemaliza huko Ijumaa. Kwa Vik zamu ilikuwa Jumamosi. Lakini shamba la chini la Vik lilipakana na la Hovden, nyuma ya mstari wa miti ya kuzuia upepo, na moshi wa injini ukiutazama kutoka jikoni kwa Selma, huwezi kujua uko kwa nani. Gunda alikuwa ameenda mara mbili kuhakikisha, amejifanya anatafuta ndama.

Saa kumi na mbili asubuhi, wanaume wameshaondoka majumbani, Gunda alizungusha simu akaomba aunganishwe na Petra, binamu yake wa upande wa pili wa mji.

"Petra, mwenzangu, umeamka?"

"Nimeamka tangu saa kumi. Kuna nini?"

Gunda akanyamaza kidogo. Ikasikika mikono inainuliwa. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Kisha, taratibu, wa nne, na yule ndege.

"Kuna kichekesho leo," Gunda akasema, sauti tamu. "Ngano ya Hovden bado mbichi, haipuriki. Ole ameigeuza mashine, wanaingia shamba lake la chini asubuhi hii hii. Saa sita watu ishirini na wawili wako mezani kwa Selma, na mwenyewe hana habari!"

"Ala! Ole hakumwambia?"

"Amwambie saa ngapi? Wameamua huko huko shambani. Nami nasema, acha tumwone leo. Kila siku hashtukizwi, hashtukizwi. Leo atawapa nini, kahawa na maji?"

"Gunda, mbona una roho mbaya hivyo asubuhi asubuhi?" Petra akacheka.

"Ninayo," Gunda akasema. "Kwaheri, dada."

Aliweka simu akabaki ameuegemea ukuta. Alijua kila kitu kitakachofuata. Selma hawezi kumpigia mtu kuuliza, maana ataulizwa amesikia wapi. Hawezi kumfuata Ole shambani, kwa sababu hiyo hiyo. Wengine wote waliosikia hawawezi kwenda kumsaidia, kwa sababu hawakuambiwa na mtu. Atachinja, atakanda, ataoka peke yake kwenye joto la Agosti. Saa sita atakuwa na meza ya watu ishirini na wawili na hakuna hata mmoja. Jioni Ole atarudi, atatazama vile vyakula, atauliza swali moja. Jumamosi, mashine itakapofika kweli, Selma hatakuwa na kuku hata wa kusingiziwa, na wanawake wote watakuwepo kuona. Gunda alivaa aproni safi akaenda zake kwa Hovden kumenya viazi.

Borghild Hovden, mwenye nyumba, alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Asubuhi nzima alimtazama Gunda kwa jicho la pembeni, midomo imemkaza. Injini ilikuwa inanguruma uani kwake, ngano yake kavu inamiminika, na yeye alikuwa amesikia kwa masikio yake kwamba ngano yake ni mbichi. Lakini angesema nini?

"Una raha leo, Gunda," akasema mwishowe.

"Hali ya hewa nzuri."

"Nzuri sana," Borghild akasema, akaingiza kichwa ndani ya tanuri ili acheke vizuri.

Saa sita kuku waliwekwa mezani, na wanaume wakajipanga kwenye beseni la kunawia. Ndipo kengele ikalia.

Haikuwa ya kwa Hovden. Ilitoka nyuma ya miti, kwa Vik, kengele ya chakula ya Selma, ikalia kidogo ikanyamaza. Ole akainua uso wenye sabuni.

"Anamwita nani yule?"

Hakuna aliyejua. Wakaendelea kunawa. Baada ya dakika kumi ikalia tena, na safari hii haikunyamaza. Ililia, ikalia, ikalia, kama anayeipiga amesahau kuiacha. Na Dakota, mwezi wa Agosti, mabua yamekauka na upepo wa kusini unavuma, kengele isiyonyamaza ina maana moja tu.

"Moto!" mtu akapaza sauti.

Mungu wangu, walivyokimbia! Walichukua magunia wakayatumbukiza kwenye birika la kunyweshea farasi, wakachukua ndoo, sepetu, wengine wakaruka juu ya farasi wasio na tandiko. Ole alitangulia na sabuni yake masikioni, analiita jina la mkewe. Kuku wa Borghild walibaki mezani wanafuka mvuke.

Borghild alimvuta Gunda kwenye gari. "Panda, panda! Nyumba ya watu inaungua!"

Gunda alipanda. Hili hakulipanga. Kengele, moto, watu wote kuacha kazi, hakulipanga kabisa. Lakini gari liliporuka kwenye matuta, alishangaa kujikuta anatazama juu ya miti kutafuta moshi mweusi, na kwa muda wa pumzi mbili tatu aliutamani. Uwe moto kweli. Naye Selma aone. Aombe daktari, aombe mtu, asisikike.

Hakukuwa na moshi. Alikuwepo Selma, amesimama kwenye nguzo ya kengele na aproni yake ya Jumapili, uso mwekundu wa tanuri, nywele zimemshika shingoni, anawatazama wanaume ishirini na wawili wakimjia mbio na magunia yanayochuruzika maji.

"Jamani, mmechelewa," akasema. "Karibuni, vinapoa."

Ole alisimama. "Selma. Moto uko wapi?"

"Moto gani?"

"Si unapiga kengele?"

"Napiga ya chakula. Nimepiga mara mbili, hamsikii?"

Milango ilikuwa wazi, na kila mtu aliiona meza. Ilikuwa imeanzia sebuleni ikatokea ukumbini, shuka nyeupe, kuku, nyama ya nguruwe, viazi vya kupondwa, kabichi, mikate, pai tisa. Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, wengine wakafuata, wakajipiga mapaja na magunia yao ya maji.

"Mke wangu," Ole akasema polepole, "tuko kwa Hovden. Tangu jana tuko kwa Hovden, na kesho tuko kwa Hovden. Huku ni Jumamosi. Nani amekwambia tunakuja leo?"

Kicheko kikakatika. Wanawake wakatazama viatu vyao. Hata wanaume walielewa kwamba swali hilo lina miiba.

Gunda alishuka garini. Miaka mitatu na miezi sita! Sema, alisema moyoni. Sema, mwanamke, sema sasa hivi.

Selma alimwona. Walitazamana, na Gunda akaona jinsi yule mwenzake anavyoanza kuelewa. Selma akafuta mikono kwenye aproni.

"Nimesikia kwenye simu," akasema.

"Nani alikupigia?"

"Hakunipigia mtu. Gunda alikuwa anaongea na binamu yake. Nikasikiliza."

Hakuna aliyewahi kuyatamka maneno hayo Solheim. Torger Moen, mzee wa kulisha injini kuni, alikohoa bila kikohozi. Ole alikuwa amekuwa mwekundu mpaka kwenye nywele.

"Mmesikia?" Gunda akasema. Sauti yake ilikuwa juu kuliko alivyotaka. "Amesema mwenyewe! Sikumlazimisha. Basi na aseme na ile ya Februari. Sema, Selma! Asubuhi ile nilipowaomba wote muweke chini, Nels wangu analia chumbani, wenzako wote wakaweka, ni nani aliyebaki? Ni nani aliyenyonya sauti yangu isifike mjini?"

"Mimi," Selma akasema.

"Mmesikia?"

"Nilibaki mimi. Sikuweka." Selma hakushusha macho. "Sauti yako ilikuwa inafika kwangu, haifiki mjini. Nyumba yangu ndiyo ya mwisho kabla ya mji, Gunda. Ulipokata, nilimwambia opereta. Nilimwambia mara tatu: daktari kwa Aaberg, tumbo, haraka. Akanijibu daktari katoka saa kumi na moja alfajiri, yuko ng'ambo ya mto na huko hakuna waya."

"Uongo."

"Nikakupigia kukwambia usiende mjini bure. Mirefu miwili na mfupi mmoja, nikapiga mpaka mkono ukachoka. Ulikuwa umeshatoka. Nikajua Nels yuko peke yake. Ole alikuwa mtoni anakata kuni, hakuna gari, nikavaa mabuti yake nikakata mashambani kwa miguu."

"Uongo!" Gunda aliwageukia wengine. "Anatunga! Ana miaka mitatu ya kutunga!"

Mzee Torger akavua kofia. "Si uongo," akasema. "Nilimsikia akimwambia opereta."

"Wewe, Torger?" Ole akasema. "Na wewe unasikiliza?"

"Mguu ulikuwa unaniuma wiki ile," Torger akasema. "Nilikuwa ndani."

"Hata mimi," Borghild akasema, machozi yameanza kumtoka. "Niliweka uliposema tuweke, Gunda, naapa. Halafu nikainua tena, nijue kama umempata daktari. Nikamsikia Selma. Alikuwa anapiga kelele kuliko wewe."

Gunda aliwatazama wote, mmoja mmoja. Kila aliyemtazama akainamisha kichwa.

"Mlijua," akasema. "Miaka mitatu mnanisikia namwita muuaji. Kanisani! Mnanipa pole, mnaniletea supu, na mnajua?"

"Tungekuambiaje?" Borghild akasema. "Tungesema tumejuaje?"

Upepo ulikuwa unachezea shuka za meza. Ole alisimama anamtazama mkewe muda mrefu, watu wakidhani sasa analifuata shoka, kisha akapangusa sabuni masikioni kwa kiganja.

"Ulitembea kwenye theluji ile," akasema, "na mabuti yangu. Hukuniambia."

"Ungeivunja simu."

"Ningeivunja," Ole akakubali. Akawageukia wanaume. "Ingieni mle. Hatutarudi kwa Hovden na njaa."

"Na kuku zangu?" Borghild akalia upya. "Meza yangu nzima iko kule!"

"Tutawala jioni, Borghild. Tutawala wote."

Wakaingia, wakavuta mabenchi, na muda si muda ilisikika milio ya vijiko. Borghild alijifuta uso akaanza kugawa mikate, maana desturi ni desturi. Gunda alibaki uani. Alikuwa ameipata kauli yake. Ameisikia kwa masikio yake, mbele ya mashahidi, kama alivyoiomba kila Jumapili, na alijisikia mtupu, amechoka miguu, na aibu inampanda. Alimlaani Selma. Yule aliyekuwa anamsubiri akate simu ili amsaidie, ndiye aliyemlaani.

Kisha wazo likamjia, akashika nguzo ya kengele. Selma alikuwepo. Saa ngapi alifika? Saa tatu? Saa nne? Nels alikufa lini?

Aliingia kwa mlango wa nyuma. Selma alikuwa jikoni peke yake, anajaza bakuli la viazi kutoka kwenye sufuria, mwiko unagonga kwa hasira.

"Selma."

"Naam."

"Ulipofika, alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Alikuwa na akili zake?"

"Mpaka mwisho. Maumivu yalikatika kama saa nne hivi, akatulia. Tulizungumza karibu saa nzima." Selma aliendelea kuchota viazi. "Alijua anakufa. Alinituma kwako. Alinishika mkono, akanitamkia neno kwa neno, akaniambia nirudie, nikarudia. Akaridhika, akalala."

Gunda alivuta kiti lakini hakukikalia. "Alisema nini?"

Selma aliweka mwiko chini.

"Nilitaka kukwambia siku ile ile. Ukanipa ufagio. Nikaja mazishini, ukanigeuzia mgongo mbele ya jeneza. Nikakuandikia barua, maneno yake yote nimeyaandika vilevile, ukairudisha haijafunguliwa. Nikaichoma, maana hayakuwa maneno ya kukaa kwenye droo yangu. Nimekusubiri uchoke, Gunda. Miaka mitatu nasema, ipo siku atachoka." Akaonyesha kwa kidole upande wa sebuleni. "Leo nimechinja kuku kumi na wanne. Wote wanaotaga. Nimesimama kwenye tanuri tangu asubuhi, umenifanya nichekwe na nchi nzima, umeniumbua mbele ya mume wangu. Leo ndiyo unayataka?"

"Selma, nakuomba. Nitakupigia magoti hapa hapa."

"Usipige magoti, sakafu ina mafuta."

"Ni mume wangu!"

"Ni mumeo. Na maneno ni yako, sikatai." Selma alifuta macho kwa kiwiko, kwa haraka, kama anayefukuza nzi. "Lakini leo sikupi. Siwezi. Nikikutazama tu yananikwama."

"Lini, basi?"

"Sijui. Hasira ikinitoka." Akafikiri kidogo. "Ila yanaanza kunipotea, nakwambia ukweli. Zamani nilikuwa nayajua yote kwa mfuatano wake. Siku hizi kuna mahali nasahau."

Kutoka sebuleni mtu alikuwa anagonga meza kwa kijiko.

"Viazi huku! Mama, viazi vimekwisha huku!"

Selma aliliinua bakuli akamwekea Gunda mikononi. Lilikuwa la moto na zito.

"Kawapelekee," akasema, akarudi kwenye jiko lake.

Gunda akawapelekea viazi.